Kanisa dogo kama letu la Makorora linaweza kumtegemeza mmisionari wa nje?

Mhazina_Makorora

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mimi ni mhazina wa akina mama katika kanisa dogo la Kibaptisti hapa Makorora, Tanga. Kijana wetu, fundi umeme, na mkewe wameitikia wito wa kwenda Lichinga, Msumbiji. Akina mama tumependekeza tuwategemeze kila mwezi. Wengi wetu ni wachuuzi: chapati, machungwa ya Muheza, dagaa wa kukaanga. Hazina yetu ni kopo la maziwa ya unga lililotobolewa juu. Alhamisi baada ya maombi tunalimwaga mezani, zinatoka sarafu za mia na mia mbili, na noti za buku zinazonuka samaki.

Kwenye kikao, mzee mmoja akasimama akasema sisi ndio tulioletewa Injili, Wamarekani walikuja mwaka 1956 na fedha wanazo wao. Paa letu linavuja, tutapelekaje hela Msumbiji? Simlaumu, paa linavuja kweli. Lakini neno lake limewavunja moyo akina mama. Nauliza wanaoijua historia: umisheni wa Kibaptisti ulianzishwa na matajiri? Na hizo fedha zilipatikanaje?

Mwalimu_Mstaafu_Pongwe

Asifiwe sana, mwanangu. Mwambie mzee wetu, kwa heshima zote, kwamba waliotangulia hawakuwa na fedha.

William Carey, aliyekuja kuwa mmisionari maarufu wa Kibaptisti, alikuwa fundi viatu. Tarehe 2 Oktoba 1792, wachungaji wachache wa makanisa madogo walikutana katika nyumba ya mama mmoja mjane pale Kettering, Uingereza, wakaanzisha chama cha umisheni. Walichanga pauni 13, shilingi 2 na peni 6. Na hata hizo zilikuwa ahadi tu! Ziliandikwa kwenye vikaratasi, vikatiwa ndani ya kijaluba cha ugoro cha Andrew Fuller, mmoja wa wachungaji hao. Mwaka uliofuata Carey akaenda India. Fuller alibaki kuwa katibu mpaka alipofariki mwaka 1815, akizunguka makanisa, hata Scotland, kuomba michango. Wenyewe walisema Carey ameshuka shimoni na wao wameshika kamba. Watu wanamkumbuka sana Carey, lakini mimi nikisoma habari hizi namwonea huruma Fuller, mchungaji mwenye kanisa lake, na barua za kuandika usiku.

Kabla ya Carey alikuwepo George Liele, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa Marekani. Alifika Jamaika mwaka 1783 akahubiri bila chama chochote nyuma yake. Alilima, akasafirisha mizigo kwa mkokoteni wa farasi, na kanisa lake lilijaa watumwa. Utumwa ulipokoma huko mwaka 1838, Wabaptisti wa Jamaika walianza kuchanga ili Injili ipelekwe Afrika. Watu waliotoka kwenye mijeledi juzi! Kutoka kwao akaja Joseph Merrick, Mjamaika, akafanya kazi Bimbia, Kamerun, katika miaka ya 1840. Soma hayo mbele ya wazee, kisha uwaulize kama Makorora ya leo ni maskini kuliko wale.

Sasa habari ya akina mama, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo. Mwaka 1800, Boston, Mary Webb, dada asiyeweza kutembea, alianzisha chama cha wanawake cha kuchangia umisheni akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu. Vikundi vya namna hiyo vikaenea, kila mmoja akiweka senti moja kwa wiki. Halafu Lottie Moon, mwalimu kutoka Virginia aliyekuwa China tangu mwaka 1873. Alizidiwa na kazi kule Pingdu, hana wa kumpokea. Mwaka 1887 aliandika barua nyumbani, akawaomba wanawake watenge sadaka maalumu wakati wa Krismasi. Mwaka 1888 waliunda umoja wao, na sadaka ya kwanza ilipita dola 3,300, ikatosha kutuma wamisionari wapya watatu. Lottie alifariki mkesha wa Krismasi mwaka 1912, akiwa melini bandarini Kobe, Japani, safarini kurudi kwao. Sadaka ile inaendelea hadi leo kwa jina lake.

Kwa hiyo kopo lenu lina wazazi wake.

Kijana_Chumbageni

Shikamoo mwalimu. Nina jambo. Makusanyo ya moto moto nayaogopa. Watu wanaimba, wanaahidi, mwezi wa tatu kimya, na ndugu yetu kule anadaiwa kodi. Tena huyu ni fundi umeme, kwa nini asijitegemee kama huyo Liele?

Mwalimu_Mstaafu_Pongwe

Marahaba. Hofu yako ina ushahidi. Mwaka 1919 Wabaptisti wa kusini mwa Marekani walipanga kukusanya dola milioni 75 kwa miaka 5. Ahadi zikapita milioni 92, watu wakashangilia, bodi zikapanga kazi kubwa kwa kutegemea ahadi hizo. Zilizoingia hazikufika milioni 60. Madeni yakawaandama miaka mingi. Ndiyo maana mwaka 1925 wakaanzisha mpango wa pamoja: kila kanisa linatenga sehemu ya sadaka zake za kawaida na kuipeleka kwenye mfuko mmoja, badala ya kila taasisi kutuma mjumbe wa kuomba.

Kuhusu kazi ya mikono nakubali nusu. Carey mwenyewe alisimamia kiwanda cha nili, ile rangi ya bluu ya nguo, na baadaye pale Serampore, India, mshahara wake wa kufundisha, shule ya wamisionari wenzake akina Marshman na kazi za kiwanda cha uchapaji cha mwenzao Ward vyote viliingia mfuko mmoja. Lakini Machi 1812 kiwanda kile cha uchapaji kiliungua, na kama si wale wa Uingereza kuchanga pauni 10,000 hivi baada ya kusikia, sijui wangeinukaje. Kijana afanye kazi, ndiyo. Ila mwaka wa kwanza hajui lugha wala hana wateja, nani atampa nyaya za nyumba yake?

Mhazina_Makorora

Mwalimu, Mungu akubariki. Na wewe kaka wa Chumbageni, umenisaidia kuliko unavyodhani.

Nimezungumza na akina mama leo pale Mgandini. Hatutaandikisha ahadi kubwa. Tutaanza na kile kopo linachotoa sasa hivi, na tutakaa miezi mitatu tukiweka akiba kabla hawajaondoka, ili mwezi ukiwa mbaya wasilale njaa. Fedha za paa zitabaki kwenye daftari lake, hatuzigusi. Na tunataka barua kutoka kwao kila mwezi, isomwe Alhamisi kwa sauti, hata kama habari ni za kukatisha tamaa.

Wazee tutawaona Jumapili. Bibi muuza dagaa ameomba aongee yeye kwanza, kwa sababu yule mzee ni shemeji yake na hawezi kumkatisha.

Aliyewahi kutuma hela Lichinga kwa simu au benki anieleze makato yakoje.