Mwalimu kazungushia duara jekundu herufi yangu mbovu kuliko zote. Nielewesheni

Brashi_Kavu aliuliza:

Wakuu, habari za saa hizi.

Nipo Xi'an, China, mwaka wa pili sasa, na kila Jumamosi asubuhi nakwenda darasa la kuandika kwa brashi. Mwaka mzima nimenakili kitu kimoja tu: maandishi ya pagoda (mnara wa hekalu la Kibudha) ya Duobao, aliyoyaandika Yan Zhenqing mwaka 752 yakachongwa kwenye jiwe. Jiwe lenyewe lipo hapa hapa mjini, Makumbusho ya Beilin. Kila herufi imekaa kwenye mraba wake kama askari gwarideni. Mikono iliniuma, lakini nikaizoea, nikaipenda.

Wiki tatu zilizopita mwalimu akanipa kitabu kingine cha kunakili. Mwandishi ni yule yule Yan Zhenqing, miaka sita tu baadaye, 758. Nilidhani wamekosea jalada. Mistari inayumba, kuna maneno yaliyokatwa, mengine yamepachikwa pembeni. Mahali pengine wino umejaa hadi herufi imekuwa doa, pengine umekauka na brashi inakwaruza karatasi kama ufagio. Halafu naambiwa kwa mwandiko wa aina ile, ule wa nusu mbio, hii ndiyo inayoshika nafasi ya pili katika historia nzima ya China!

Basi nikanakili. Jumamosi iliyopita nilikuwa nimechoka, wino ukaniishia katikati ya herufi, nikaivuta hivyo hivyo ilimradi nimalize. Mwalimu wetu ana kawaida ya kuzungushia duara jekundu herufi zilizomridhisha. Karatasi nzima kaweka duara moja. Kwenye hiyo iliyokauka. Zile nilizozikalia kwa adabu hazikupata kitu.

Nilipomuuliza kwa nini, akacheka, akasema "angalia tena." Sasa niambieni ukweli: kuna uzuri pale, au ni yale ya kuitikia tu ili tusionekane washamba?

Kijukuu alijibu:

Mkuu, mwanangu ana miaka minne na ana ukuta mzima wa kazi za namna hiyo. Mwambie mwalimu wako aje na wino mwekundu wa kutosha.

Mzee_wa_Wino alijibu:

Kijukuu umenichekesha, ila tusubiri kwanza.

Brashi_Kavu, uzuri uache kando kidogo. Umesoma kilichoandikwa? Hiyo ni rasimu ya maneno ya kumwomboleza kijana aliyeuawa. Uasi wa An Lushan, jenerali aliyemgeuka mfalme wake, ulianza 755. Binamu yake Yan, aliyeitwa Yan Gaoqing, aliushikilia mji wa Changshan dhidi ya waasi, akiwa na mwanawe Jiming. Mwaka 756 mji ukaanguka, msaada haukuja. Baba akauawa, mwana akauawa, na watu wa ukoo wao zaidi ya 30. Miaka miwili baadaye ndugu walipokwenda kumtafuta Jiming, walichorudi nacho ni kichwa chake. Hapo ndipo Yan aliposhika brashi.

Rasimu, mkuu. Hakuiandika ili itundikwe ukutani, wala hakuwa na habari kwamba ingekuja kutunzwa kwenye jumba la makumbusho Taipei. Anaanza kiofisa kabisa, tarehe, vyeo vyake, na herufi zimetulia. Kisha anafika kwenye maneno haya: baba kanaswa, mwana kafa, kiota kimepinduka, mayai yamemwagika. Ukifika mwisho, kwenye "ole wetu, uchungu gani huu", herufi zimeshikana na brashi haina tena subira.

Sasa jaribu hivi. Usifuate herufi, fuata wino. Weka kidole pale ulipo mweusi mzito: hapo ndipo alipochovya. Teremka nao. Utaona unafifia, unakauka, ndani ya mstari zinatokea nyuzi nyeupe za karatasi (Wachina wanaziita feibai, nyeupe inayoruka), halafu ghafla mweusi mzito tena. Unaweza kuhesabu kila alipochovya. Anayeandika kwa ajili ya watazamaji angechovya mapema, kabla haujamkaukia. Huyu alikuwa na sentensi kifuani, na hakuwa tayari kuiacha akimbilie jiwe la kusagia wino.

Na hapa ndipo mtoto wa Kijukuu anapoachwa nyuma. Pale brashi ilipokauka kabisa, tazama ncha ilipopita: katikati ya mstari, haikulala ubavu. Mkono wa Duobao upo mle ndani. Moyo umevurugika, kiganja bado kinakumbuka kazi yake.

Duara lako? Sijaiona karatasi, nabahatisha. Herufi zako nyingine huenda zilikuwa zinamtazama mwalimu. Hiyo moja ilikuwa inatafuta pa kumalizikia.

Jiwe_Barabarani alijibu:

Mzee, umeeleza vizuri ila umewapa watu wazo kwamba lazima pawe na msiba. Wapo waliouchagua ubaya wakiwa wameshiba na akili timamu.

Fu Shan (1607–1684) aliandika waziwazi: afadhali uzito wa mkono kuliko ujanja, afadhali sura mbaya kuliko urembo. Ujanani alinakili mwandiko wa Zhao Mengfu, laini kama hariri. Lakini Zhao alikuwa wa ukoo wa kifalme wa Song, na bado akakubali kuwatumikia Wamongolia walioupindua utawala wa ukoo wake. Enzi ya Ming ilipoanguka 1644 na Fu Shan naye akajikuta chini ya watawala wageni, ule ulaini ulimtia kichefuchefu. Aliuona ni ulaini wa uti wa mgongo. Na msimdhanie kuwa hakujua kunyoosha: herufi zake ndogo za utulivu zipo, zinatosha kumtia mtu aibu.

Au Zheng Xie wa Yangzhou, karne ya 18, aliyechanganya mitindo ya kale na mipya kwenye karatasi moja, kubwa kwa ndogo, hadi watu wakasema mwandiko wake ni mawe yaliyotupwa barabarani. (Ndiyo, jina langu nimelitoa huko.)

Hata wakubwa walitaniana. Inasimuliwa kwamba Su Shi alimwambia Huang Tingjian mistari yake ni nyoka wanaoning'inia kwenye ncha za matawi, na Huang akamjibu kwamba herufi zake yeye ni chura aliyebanwa na jiwe. Marafiki wale! Na ukiwatazama kwa macho yako, kila mmoja alisema kweli.

Mzee_wa_Wino alijibu:

Nimekubali, nimepigwa. Niongeze kimoja tu. Ile inayoshika nafasi ya kwanza, Lanting, dibaji ya mashairi aliyoiandika Wang Xizhi mwaka 353, asili yake ilipotea zamani, zimebaki nakala. Kwenye nakala iliyo Beijing utakuta maneno mawili, "milima mirefu", yamechomekwa kati ya mistari kwa sababu Wang aliyasahau. Mnakili angeweza kuyarudisha mahali pake na asingelaumiwa na mtu. Aliyaacha yamening'inia pale pale.

Brashi_Kavu alijibu:

Nimefuata wino kwa kidole kama Mzee alivyosema, usiku, taa moja. Pale kwenye kiota na mayai ikabidi nifunge kitabu kwanza.

Basi leo darasani nimeandika upya kwa moyo wote. Nikaacha wino ukauke makusudi, mara tatu, nyuzi nyeupe zikatoka safi kabisa. Mwalimu kaishika karatasi, kaiinua kwenye mwanga wa dirisha, kaitazama muda mrefu. Hakuweka duara hata moja.

Kijukuu alijibu:

Mwanangu anakusalimu.