Earley: komprihensivu ya mtaani, akademia mpya au gramma? Waliosomesha huku naomba maoni

Mama Zuhura
Wadau, habari za jioni. Binti yangu anaingia Mwaka wa 7, yaani mwanzo wa sekondari, Septemba ijayo, na fomu ya halmashauri ya kuombea shule inafungwa 31 Oktoba. Tunakaa Earley, pembeni ya Reading, hapa England. Tumebaki na shule tatu. Kuna komprihensivu (sekondari inayopokea watoto wote bila mtihani wa kuingia) ya mtaani kwetu: anakwenda kwa miguu, majengo yamechakaa kidogo ila viwanja ni vikubwa kwelikweli. Kuna akademia mpya (shule ya serikali isiyoendeshwa na halmashauri), jengo linang'aa, lakini uwanja wa nje ni mdogo na lazima apande basi. Halafu Kendrick, gramma (shule ya serikali inayochagua kwa mtihani) ya wasichana pale mjini; mtihani ameshafanya, tunasubiri majibu. Anapenda sayansi na kuchora. Nyie mngepangaje?

Baba Kevo
Akipita, Kendrick namba moja, bila kusita. Sisi tuliotoka Kenya hii hesabu tunaijua: mtoto akiitwa national school, zile sekondari za kitaifa za waliofaulu sana, huulizi ya kijijini ina nini. Gramma zimebaki kama 163 tu England nzima, na Reading ina mbili, hiyo na Reading School ya wavulana. Karo ya masomo hakuna.

Msukuma wa Woodley
Kaka, hapo nakupinga kidogo. Komprihensivu si shule ya wale walioachwa. Serikali ilizitaka halmashauri ziachane na mchujo wa mtihani wa watoto wa miaka 11 tangu 1965, na ndiko wanakosoma watoto wengi wa nchi hii mpaka leo. Mtoto wa daktari na wa dereva wa basi wako darasa moja. Wangu walisoma huko, tena shule ya majengo ya zamani, na mkubwa yuko chuo kikuu anasomea uhandisi. Karakana yao ilikuwa na mashine ya leza ya kukatia mbao, na watoto waliruhusiwa kubaki nayo baada ya masomo. Hilo ndilo lililomfungua.

Bi Salma
Mama Zuhura, kuhusu ukumbi wa ndani wa michezo wa akademia: uliza Mei na Juni unatumikaje. Shule nyingi huujaza madawati ya GCSE, mitihani ya taifa ya watoto wa miaka 16, basi somo la michezo linahamia nje. Kama nje ni padogo, watoto wanabanana. Hapo viwanja vya shule yenu ya mtaani vinaonyesha thamani yake. Uliza pia kama vilabu vya mtaa vinakodi uwanja jioni, kwa sababu mwanao akitaka mazoezi saa 12 jioni anaweza kukuta umeshachukuliwa.

Fundi Maabara
Naomba niseme jambo, kwa vile hii ndiyo kazi yangu. Ninaandaa majaribio ya sayansi katika komprihensivu moja. Mwalimu ananiletea oda, mimi napanga toroli: bika, miwani, asidi iliyopimwa, vichomeo. Bila mtu wa kazi hiyo mwalimu anaishia kuonyesha jaribio mbele na watoto wanatazama, hata maabara iwe mpya namna gani. Kwa hiyo siku ya kutembelea usiulize wana maabara ngapi. Uliza mafundi wako wangapi, na kama Mwaka wa 7 wanasomea sayansi maabara au wanasukumwa madarasa ya kawaida. Kisha lichungulie lile kabati la kioo la kuvutia mvuke wa kemikali. Ukikuta limejazwa maboksi ya karatasi, jibu umeshalipata.

Na chumba cha sanaa: angalia kama tanuri la kuchomea udongo linafanya kazi, na kazi zilizobandikwa ukutani ni za mwaka huu au ni za waliokwishaondoka.

Baba Kevo
Fundi umenipa kitu, hilo la mafundi sikuwahi kulifikiria. Lakini bado nashikilia: wenzake wa darasani nao ni nyenzo, tena kubwa.

Msukuma wa Woodley
Ni kweli. Ila hata komprihensivu hupanga makundi kwa uwezo, hasa hisabati. Mama, upange kama moyo unavyotaka. Shule haiangalii umeiweka namba ngapi. Kila moja inakupima kwa vigezo vyake, na halmashauri inakupa ya juu kabisa kati ya zilizokukubali. Kuiweka gramma mbele hakukupotezei ya mtaani. Usije tu ukaiacha ya mtaani nje ya fomu.

Mama Zuhura
Ahsanteni sana, nimeandika yote. Jioni ya kutembelea ya mtaani ni Alhamisi, nitaanzia maabara nimtafute fundi wao mwenyewe. Akifaulu Kendrick itakuwa ya kwanza, ya mtaani ya pili, akademia ya tatu. Bi Salma, hilo la Mei na Juni nitawauliza wote watatu. Barua za nafasi zinatoka 1 Machi, nitarudi hapa kuwaambia.