Steringi ya leza (ngozi) imechubuka na inanata, nianzie wapi?

Kijana wa Njiro
Habari za jioni wakuu. Nina RAV4 nimeichukua kwa mtu hapahapa Arusha, injini haina shida kabisa ila steringi ndo inanikera. Pale mikono inapokaa pande zote mbili leza inang'aa kama imepakwa mafuta, weusi umeisha imekuwa kijivu, na upande wa kulia imechubuka mpaka unaona ngozi ya ndani. Ukipaki juani mchana ukirudi inanata mkononi. Mmoja kaniambia nipake Kiwi nyeusi ya viatu, mwingine mafuta ya nazi, mwingine eti nivalishe kava yaishe. Kava sitaki, nataka leza yenyewe irudi. Mwenye uzoefu anisaidie.

Fundi Siti Moshi
Mkuu usinunue kitu chochote kwanza, ioshe. Huo mng'ao sio leza, ni jasho na mafuta ya mikono yamechanganyika na vumbi, leza ya steringi ikiwa safi haing'ai, inakuwa imefifia hivi. Chukua maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji isiyo kali, kidogo tu utoe povu, chovya mswaki laini kwenye lile povu usugue taratibu kipande kwa kipande huku unafuta na kitambaa cheupe, utashangaa rangi ya uchafu utakaotoka. Rudia mpaka kitambaa kitoke cheupe. Kwenye mishono ndo kunaficha uchafu hapo usiwe na haraka. Jiki na sabuni ya unga usiguse, na maji usimwage wala kupuliza moja kwa moja maana pale kwenye honi kuna eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka gari ikigonga) na pembeni swichi za redio. Kiwi achana nayo, itahamia kwenye viganja na shati.

Mama Sakina
Mi mafuta ya nazi napaka kwenye pochi yangu ya ngozi na iko poa tu, kwa nini kwenye gari yasifae? Halafu kaka angalia na sanitaiza, tangu Corona 2020 watu wanapaka mikononi wanashika usukani hapohapo kabla haijakauka, ile spiriti inakula rangi.

Fundi Siti Moshi
Dada kwenye sanitaiza umesema kweli tupu, na losheni nayo ni hivyohivyo. Ila leza nyingi za magari ya siku hizi zimepakwa rangi kiwandani na juu kuna utando mwembamba kama plastiki, mafuta hayaingii ndani, yanabaki juu yanadaka vumbi. Halafu yanateleza, sasa fikiria unapandisha zile kona za Marangu mvua inanyesha na usukani unateleza mkononi. Hata zile dawa za kung'arisha dashibodi usikubali wakupakie kwenye steringi.

Kijana wa Njiro
Wakuu nimeosha, maji yametoka kama chai ya rangi! Kunata kumeisha na weusi umerudi sehemu kubwa. Imebaki ile michubuko ya kulia, vinyuzinyuzi vimesimama.

Fundi Siti Moshi
Safi sana. Hapo sasa ndo unaingia msasa, namba 1000, pitisha kwa mkono mwepesi kulaza vile vinyuzi tu usichimbe. Futa vumbi, kisha pitisha kitambaa chenye spiriti kidogo kutoa mafuta yaliyobaki, ukiruka hapo rangi itabanduka kama gamba. Rangi iwe ya leza ya magari, sio ya kupuliza ya bodi, paka na kipande cha sponji nyembamba sana, iache ikauke, rudia, mara tatu nne hivi zinatosha. Juu malizia na ile dawa ya kulinda rangi isiyong'aa. Kabla ya kupaka, mishono izibe na selotepu ya karatasi (masking tape) la sivyo uzi utabadilika rangi.

Mzee wa Kilombero
Akitaka kuifungua kabisa je apake vizuri?

Fundi Siti Moshi
Mzee afanye ikiwa palepale. Kama ni lazima ifunguliwe basi atoe waya wa nega (hasi) kwenye betri, asubiri dakika 90, sorry sekunde 90 au zaidi, ndo fundi anayejua eabegi aguse. Na akimaliza kupaka asiendeshe siku hiyo, gari ilale kivulini mpaka kesho yake.