Kujitolea mtaani Kampala, tupeane uzoefu

Mkaazi_wa_Bwaise:
Wakuu, habari za kwenu. Bulungi bwansi, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, mnaijua wote, asubuhi kila mtu anatoka na jembe lake. Picha za watu wanafagia tushaona nyingi, mimi nataka tuambiane kazi yenyewe ilikwendaje, vifaa alileta nani na nani alibaki soda zilipoisha.

Naanza mimi. Huku Bwaise tuko bondeni, maji ya vilimani yanashukia kwetu kuelekea kinamasi cha Lubigi, mvua ya nusu saa tu watu washapandisha magodoro juu ya meza. Tukaamua kuzibua mtaro wa nyuma, tukatoa kaveera (mifuko ya plastiki), chupa, nepi za watoto, kuna jamaa alivuta kapeti zima jamani. Kuchimba sio shida, vijana wapo. Shida ni lile tope, linarundikwa pembeni ya mtaro halafu kila mtu anaenda kuoga, usiku mvua ikipiga linarudi lote lilipotoka. Siku hizi hatugusi sepetu mpaka mwenye pikapu athibitishe anakuja, na pesa ya mafuta inachangwa jana yake maana kazi ikishaisha hakuna anayetoa hata mia tano. Na tangu dampo la Kiteezi liporomoke Agosti 2024 mwenye pikapu naye kapandisha bei, anasema kumwaga taka ni safari. Wagumu kuliko wote ni wenye nyumba, wao hawakai huku, tunawaona siku ya kodi tu.

dada_nsambya:
Yetu ilikuwa lockdown ya 2020. Mwezi wa tatu magari ya abiria yakasimamishwa, boda ikawa ya mizigo tu, na mwanzoni hata mjamzito alitakiwa kibali cha RDC, mwakilishi wa rais wilayani, ndio apande gari. Jirani yetu Mkongo uchungu ukamshika usiku, mumewe kakwama Kasese, basi wanawake wa ploti tukatoka naye kwa miguu mpaka hospitali, akibanwa tunasimama anashika ukuta, ikipoa tunaendelea, mmoja kabeba beseni na vitenge, mwingine katangulia na tochi ya simu kuwabembeleza askari. Alijifungua salama, mtoto wa kike. Baada ya pale tukafungua daftari, wajawazito wote wa ploti na miezi yao, na namba za wenye magari waliokubali kuamshwa usiku. Mpaka leo linatumika, na nani kasema lazima iwe lockdown ndio mkumbuke majirani??

Neti_na_Misumari:
Mi ni VHT, yaani mhudumu wa afya wa kujitolea mtaani, mshahara hakuna, watu wanadhani tunalipwa. Ukigonga geti peke yako unaulizwa umetumwa na nani, kwa hiyo siku ya kwanza zunguka na chairmani wa LC1, yaani mwenyekiti wa mtaa, wakishaiona sura yako umemaliza. Neti za mbu nazo zina mambo yake, unampa mtu, ukipita tena unaikuta imezungushiwa mchicha kuku wasiingie. Nilikuwa nagombana nao, sasa natembea na kamba na misumari, naomba ruhusa naingia naitundika mwenyewe juu ya kitanda. Wengi walikuwa hawana pa kuifungia tu, chumba kimoja, kitanda kiko chini ya dirisha.

Boda_wa_Katwe:
Nyie mna bahati. Kwetu wakati wa kampeni alikuja mheshimiwa mmoja na mafulana na kamera, akashika sepetu dakika mbili, akapigwa picha, na masepetu yenyewe yakarudishwa kwenye gari. Sie tukabaki na fulana. Toka siku ile ukisema kujitolea stejini kwetu watu wanacheka.

Mkaazi_wa_Bwaise:
😂😂 pole kaka. Sisi tulikubaliana vifaa vinunuliwe na sisi na vilale kwa mama wa duka, anayechukua anaandikwa. Toroli ndio hatuna. Kama kuna mtu Kalerwe au Kawempe ana la kuazima Jumamosi hii aseme, tunalifuata wenyewe na tunalirudisha limeoshwa. Wengine leteni zenu.