Tupeane uzoefu: neno la Kiingereza la mkanganyiko lililokukanganya wewe mwenyewe

Msafiri Kafiri
Wakuu, habari za jioni. Juzi nimepita uwanja wa ndege wa Milwaukee, Marekani. Umeshakaguliwa, viatu mkononi, mkanda begani, suruali unaishikilia isikuaibishe, mara unakuta viti na bango juu yake: “Recombobulation Area”. Jamaa aliyekuwa anafunga kamba za viatu pembeni nilimuuliza maana, akacheka tu.

Nikafuatilia. Mzizi ni “discombobulate”, kumvuruga mtu hadi asijue aanzie wapi. Uwanja ukageuza kichwa cha neno: hapa ndipo unapojikusanya upya. Bango lilianza 2008, na American Dialect Society, chama cha wachunguzi wa Kiingereza cha Marekani, kikalichagua kuwa neno la kibunifu zaidi la mwaka huo.

Kilichonichekesha zaidi ni kwamba neno lenyewe limevaa joho la Kilatini bila kusoma Kilatini. Karne ya 19 Wamarekani walipenda kubuni maneno marefu ya kujifanya wasomi, kwa utani tu. Mwaka 1834 lilishachapwa, ila kwa umbo tofauti kidogo. Kutoka utani huohuo tuna “absquatulate”, yaani kutimua mbio.

Haya, leteni ya kwenu.

Nesi wa Usiku
Niko Uingereza, kazi yangu uuguzi. Zamu zangu za mwanzo, dada anayenikabidhi wagonjwa akasema “it's been bedlam”. Nikadhani kuna wodi inaitwa hivyo, nikamuuliza iko ghorofa gani.

Kumbe ni Bethlehemu! Mwaka 1247 ilianzishwa nyumba ya watawa London kwa jina la Mtakatifu Maria wa Bethlehemu, baadaye ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Jina likasagika midomoni hadi likawa Bedlam, kisha likawa jina la fujo yoyote. Na kuna enzi watu walikwenda pale kuwatazama wagonjwa kama burudani. Hospitali bado ipo, ila imehamia kusini mwa jiji. Mimi neno hilo kazini silitumii. Wenzangu wanalisema bila kufikiri, siwalaumu.

Kibatari
Dada umenikata stimu. Nilikuwa nalipenda hilo.

Mzee wa Bucha
Langu nimelipata kwenye mpira. Mtangazaji wa ligi ya Uingereza anasema beki za timu yangu ni “a shambles”. Kijana wangu yupo chuo, akanitafutia. Zamani lilikuwa benchi au meza ya kuuzia nyama, likawa soko la nyama, likawa machinjio, likawa mahali palipotapakaa damu, ndipo likafika kwenye vurugu. Mji wa York una mtaa unaitwa The Shambles hadi leo, mabucha yalikuwa hapo. Sasa mimi meza yangu naipangusa kila asubuhi, hizo beki nimezikosea nini?

Mwl. wa Lugha
Tahadhari kidogo kwa vijana. Mwanafunzi wangu wa kidato cha nne aliandika kwenye barua ya kuomba kazi kwamba tangazo lao lilimfanya “discombobulated with joy”. Hilo ni neno la mzaha. Kwenye stori linapendeza, kwenye barua rasmi msomaji anajua unajionyesha. “Confused” inatosha. Na kama una furaha, sema una furaha.

Kibatari
Mwalimu, hiyo kazi aliipata?

Mwl. wa Lugha
Ilikuwa barua ya darasani, Kibatari. Nilimpa alama ya ujasiri.

Karani Mkuu
Mimi nimeangukia “gobbledygook”, yaani lugha ya maneno mengi isiyoeleweka. Hilo lina mwenyewe: Maury Maverick, aliyekuwa mbunge wa Texas, mwaka 1944 alichoshwa na lugha ya nyaraka za serikali, akaifananisha na bata mzinga anavyobwabwaja kwa majivuno. Nilipolisoma nikamuelewa papo hapo. Hapa mezani nina waraka wa kurasa nne kuhusu utaratibu wa kuomba stepla. Nipige picha aya ya kwanza?

Kibatari
Piga.