Tupeane uzoefu: Jan, Jun na Mei, majina yanayogeuka tarehe

SteshenariKkoo: Wanaochapa orodha za wageni wa boti ya Zanzibar wanaijua hii. Mholanzi anaitwa Jan, Mjapani Jun. Ukichapa Jan peke yake, Excel (programu ya majedwali) inaiacha ilivyo. Balaa ni pale Jan wakiwa wawili, ukaandika Jan 1 na Jan 2 kuwatofautisha: papo hapo zinakuwa 1-Jan na 2-Jan. Ukikimbilia kubadili seli iwe Text (maandishi) ndiyo umeharibu kabisa, maana Jan 2 iliyochapwa mwaka 2024 inasomeka 45293. Ndani ya faili tarehe ni hesabu ya siku tangu 1 Januari 1900. Jina halipo tena, uchape upya. Safu ya majina iwekwe Text KABLA ya kuchapa.

DawatiLaSafari: Hapo kwenye 45293 umenikumbusha mbali!

MzeeWaData: Text ya nini? Weka alama ya ' mbele ya jina, Excel italiacha kama maandishi, basi.

SteshenariKkoo: Mzee, faili la CSV (orodha ya maandishi yaliyotengwa kwa koma) lina wageni 200, utaweka ' ngapi? Lisifunguliwe kwa kubofya mara mbili. Pita Data, From Text/CSV, safu uipe Text. Hata namba za simu zinabaki na 0 ya mwanzo.

MzeeWaData: CSV sawa. Orodha ya kuchapa kwa mkono, ' inatosha.

MtuWaMaabara: Majina ya watu ni afadhali. Jeni (chembe ya urithi) iitwayo SEPT2 ilikuwa inageuka 2-Sep, MARCH1 inakuwa 1-Mar, na makosa yakaingia hadi kwenye tafiti zilizochapishwa. Mwaka 2020 wanaosimamia majina ya jeni wakaamua kuyabadili: SEPTIN2, MARCHF1.

DawatiLaSafari: Jeni zimebadilishwa majina kwa ajili ya Excel?? Eleza vizuri.

MtuWaMaabara: Ndiyo. Faili likishahifadhiwa, hakuna namna ya kujua kama 2-Sep ilikuwa jeni au tarehe.

Mwenge_IT: Tusisahau kuvuta kona ya seli. Jan ukiivuta chini inazaa Feb, Mar. Shikilia Ctrl ndipo inajirudia Jan, Jan.

BintiPosta: Mei je? Kwangu haigeuki.

Mwenge_IT: Kompyuta yako inasoma tarehe za Kiingereza, inaijua May tu. Mwenye jina May 3 hapo haponi.

MamaTiketi: Hizo namba za nini jamani? Pasipoti ina jina la ukoo. Andika yote mawili.