Jenereta ya mawimbi: ninunue sasa au nisubiri bei zishuke?

mkia_wa_waya:
Wakuu habari za muda huu, naombeni mawazo yenu. Nataka kununua jenereta ya mawimbi, sio ile ya mafuta jamani, ile ya mezani ya kupimia saketi. Kazi zangu ni amplifaya na redio za mkononi kidogo kidogo. Sasa nimekuwa nafuatilia soko naona kama limevurugika, kampuni za vifaa vya vipimo zinanunuana tu, mara Emerson kainunua National Instruments 2023, mara Keysight kaimeza Spirent, Tektronix nayo 2025 ikahamia kampuni mpya inaitwa Ralliant, na huku Wachina kila ukigeuka wametoa kitu kipya chenye MHz nyingi kuliko cha jana. Nisubiri bei zishuke zaidi au ninunue tu? Na kama ni kununua naenda ya kufika masafa ya 40 MHz au nijikaze nichukue ya 120?

kapasita_mvivu:
Mkuu habari za nani kamnunua nani zisikunyime usingizi, zipo toka enzi. HP yenyewe ilianza na jenereta ya mawimbi, ile 200A ya 1939 yenye taa ndogo ndani inayotuliza ukubwa wa wimbi (mpaka leo nikiifikiria ile saketi natabasamu), baadae upande wa vipimo ukaenda Agilent 1999, ukaenda tena Keysight 2014. Tektronix alikuwa kwa Danaher toka 2007, akahamia Fortive 2016, sasa ndo huyo Ralliant. Hawa wakubwa hela yao haipo kwako wala kwangu, ipo kwa wanaopima 5G ya kuanzia 24 GHz huko juu, Wi-Fi 7 yenye chaneli za upana wa 320 MHz, rada za magari za 76 mpaka 81 GHz, na siku hizi hadi watu wa kompyuta za kwantamu, maana zile kyubiti (biti za kwantamu) za kupozwa karibu na sifuri kabisa zinaongozwa na mawimbi ya kwenye 4 hadi 8 GHz hivi. Huko ndo wanagombana. Wewe wa amplifaya nunua.

ohm_hamsini:
Naongezea, kilichobadilika kweli kwa sisi wa chini ni kwamba siku hizi unauziwa leseni sio chuma. Angalia jenereta za Kichina za Siglent SDG2000X, kuna ya 40, ya 80 na ya 120, fungua uone, ubao uleule, DAC (chipu inayogeuza namba kuwa wimbi) ileile ya biti 16, tofauti ni funguo kwenye programu. Halafu watu wanasoma ile namba kubwa usoni wanasahau kwamba ni ya sine tu, lile wimbi laini la kupanda na kushuka, ukija kwenye wimbi la mraba zote tatu zinaishia 25 MHz. Kwa hiyo kabla hujajikaza soma ule ukurasa wa vipimo mpaka chini kabisa.

solda_baridi:
Mi nasema tu kitu kimoja, usikimbilie cha bei ya chini kuliko vyote. Nilichukua kimoja, jina naliacha, kina plagi ya miguu miwili bila ethi (waya wa ardhini), pawasapulai yake ya ndani ina kapasita zinazovujisha umeme kidogo kuja upande wa pili, basi njia ya kutolea wimbi inaelea karibu nusu ya umeme wa ukutani. Nimeunganisha kwenye ubao wa mtu nikasikia tsk, IC imekwenda. Ukishika ganda lake kwa nyuma ya mkono unahisi linawasha kama upupu.

redio_ya_babu:
Jamani mbona hakuna aliyemuuliza redio gani?? Kijana kasema redio za mkononi. Kama ni VHF zile zipo 136 hadi 174 MHz, kwa hiyo 40 haifiki na 120 nayo haifiki, mnabishana bure. Ya 40 inakutosha kwa IF (masafa ya kati ya ndani ya redio) za 455 kHz na 10.7 MHz na amplifaya zote za sauti, ila kupima kama redio inasikia vizuri unataka kushuka mpaka robo ya maikrovolti, na hizi jenereta za kawaida zinaishia kwenye milivolti, sasa hapo utaweka atenyueta (kipunguza nguvu ya wimbi) juu ya atenyueta na bado wimbi litavuja kwenye ganda liingie redioni kwa mlango wa nyuma. Na usidanganywe na vile vibao vya chipu ya ADF4351 vya 35 MHz hadi 4.4 GHz, ni vizuri kuchezea ila wimbi linatoka limejaa hamoniki (mawimbi ya ziada ya masafa ya juu) na hakuna kichujio. Mi bado natumia HP 8640B, inaanzia 0.5 inaishia 512 MHz, nzito kama tofali, gia zake za plastiki hupasuka kwa uzee lakini ukizibadilisha una wimbi tulivu ambalo vingi vya sasa vya bei nafuu havilioni.

kapasita_mvivu:
Mzee hapo umetunyoosha, nilikuwa nimeshikilia amplifaya tu.

mkia_wa_waya:
Asanteni sana, mzee wangu shikamoo. Nimechukua ya 40 yenye plagi ya miguu mitatu, ya RF (masafa ya redio) nitatafuta iliyotumika taratibu. Ila nimeiwasha leo naona maajabu, nimeweka volti 2 kwenye skrini yake, oskiloskopu inanisomea 4. Ndo mbovu tayari??

ohm_hamsini:
Hahaha hapana, wote tumepita hapo. Ingia menyu ya mzigo, imewekwa ohm 50 na oskiloskopu yako ni ohm meg 1 (milioni moja), kwa hiyo wimbi halipungui nusu kama jenereta inavyodhani. Weka Hi-Z (mzigo wa ukinzani mkubwa).

mkia_wa_waya:
Duh. 2 kamili.